Robine Nyekundu

Komanda Darius alifungua robine nyekundu ya bomba la kuogea, akangoja. Robine ikakohoa kama mzee wa tumbaku, ikatema vumbi la kutu. Kisha akatoka buibui mmoja mwenye miguu mirefu, akateremka polepole ndani ya beseni la kuogea, akampita mkubwa wa wapiganaji bila hata kumpigia saluti.

"Mama Nadège!"

Mama Nadège alikuwa jikoni anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pulchérie, lakini pale Baraka aliyemwita hivyo alikuwa ama mchungaji ama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Alisikia sauti ikipita koridoni, akajua kwamba siku imekwisha kuharibika, na jua bado halijafika juu ya paa.

"Ndiyo, Komanda."

"Hii robine nyekundu ilikuwa inatoa maji ya moto. Kwa nini leo inatoa mududu?"

"Ni vita, Komanda."

Lilikuwa jibu zuri sana. Miaka ile mji wa Baraka ulikuwa unalala mikononi mwa hawa na kuamka mikononi mwa wale, na jibu hilo lilitosha kwa kila swali. Kwa nini kuku amebaki mmoja? Ni vita. Kwa nini mlango hauna bawaba? Ni vita. Mwulizaji anatikisa kichwa, anaenda zake. Na Komanda angeenda zake, kama si Isidore kufungua mdomo.

"Hapana, haiko vita," akasema Isidore, mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. "Ni pipa tu, Komanda. Mi niliwasha lile pipa miaka yote ya bamisioneri. Haina ugonjwa mukubwa. Nitatengeneza."

Mama Nadège alimtazama mume wake. Kama macho yangekuwa mchi, Isidore angekuwa sombe.

Maana ndani ya pipa lile hamkuwa na maji. Mlikuwa na cherehani.

Nyumba ilikuwa ya wauguzi wa misheni, waliopanda boti siku vita vilipoanza wakaacha funguo kwa mpishi wao na santineli, mlinzi wao, yaani Mama Nadège na Isidore. Wao wenyewe walikaa nyuma, kwenye boyerie, vile vyumba viwili vya watumishi. Kati ya boyerie na nyumba kubwa lilikuwapo pipa la maji moto, limejengewa matofali ubavuni mwa jiko, na tanuri la kuni chini yake. Tangi lilikuwa juu ya nguzo. Maji yalishuka kwa tiyo moja, bomba la chuma, yakapita jikoni, yakaingia pipani kwa chini. Yakishapata moto yalipanda, yakatoka kwa tiyo la juu, yakaenda kwenye robine nyekundu. Kitu rahisi. Wazungu waliondoka, maji yakakauka, pipa likabaki.

Ndipo walipokuja askari wa kwanza, wale waliochukua hata sufuria zenye matundu. Mama Nadège alisikia risasi upande wa soko, akafikiri haraka. Kitanda kitabebwa. Godoro litabebwa. Lakini nani atabeba pipa lililojengewa matofali? Akafungua buloni, skrubu kubwa za kifuniko, akakifunga kichwa cha cherehani kwa blanketi na mfuko wa mbolea, akakiteremsha ndani, akafunika. Meza ya cherehani iliibwa siku hiyohiyo. Kichwa kilibaki, na cherehani ni kichwa. Meza ni mbao tu. Vita vikitulia kidogo angekitoa, angeshona sare za shule, na nyumba ingekula kama ilivyokula kabla. Isipokuwa cherehani kile, nyumba ile haikuwa na kitu kingine cha kula nacho.

Kwa Isidore alisema kimeibwa. Si kwamba hampendi. Alikuwa mume mwema, shemasi, hana konde wala tusi. Ila hajui kudanganya, na katika vita huo ni ulemavu mkubwa. Askari wale walipomuuliza mbuzi wako ni wangapi, alijibu, "Ziko tatu, nyuma ya migomba, na moja iko na mimba." Wakamshukuru. Tangu siku ile Mama Nadège alimweleza mume wake habari za hali ya hewa tu. Na Isidore, kila jioni, aliwaombea walioiba cherehani, Mungu awasamehe.

"Jumamosi nataka kuoga," alisema Komanda, ambaye wapiganaji wake ndio walioitwaa sasa ile nyumba kubwa. "Maji ya moto, inatoka kwa robine. Siyo ya kuleta kwa ndoo."

"Hata ya ndoo ni moto ileile, Komanda," Mama Nadège alijaribu.

"Mama, we unanijua?"

"Nakujua ni Komanda."

"Mi ni mutoto wa hapa. Nilikuwa naleta kuni kwa hii nyumba, na kichwa, kutoka mulima. Huyu muzee ndiye alikuwa anazipokea." Alimnyoshea Isidore kidole. "Nikimaliza kupanga kuni nasimama pale inje, chini ya dirisha ya hii nyumba ya kuoga. Naona moshi ya maji inatoka, naisikia harufu ya sabuni. Miaka na miaka. Maji inapata moto na kuni yangu, na mi naenda kunawa ziwani."

"We ndiye Darius ya kuni?" Isidore aliruka kwa furaha. "Kumbe! Ulikuwa unaficha kuni mbichi katikati ya fungu!"

Mama Nadège aliangalia mbinguni, ambako hakukuwa na msaada.

Kwa bahati Komanda alicheka. Akacheka vizuri, halafu akaacha. "Muzee, utengeneze. Ukishindwa, Jumamosi batoto yangu bataifungua ile pipa na shoka, tuone kwa ndani iko na nini."

Hivyo ndivyo mambo yalivyofungwa pande zote. Isidore akifaulu, maji yataingia, cherehani kitapikwa kama muhogo. Isidore akishindwa, shoka litaingia, na cherehani kitavuka ziwa mgongoni mwa mtu, na mwenye kukificha ataulizwa kwa nini anawaficha wakombozi mali. Kilichobaki ni kukitoa kabla ya Jumamosi. Lakini wapiganaji walikuwa wamepiga kambi palepale penye pipa, kwa ajili ya matofali yenye kivuli. Walipika pale, walilala pale, na mmoja wao siku zote alikuwa ameegemea pipa, anasugua bunduki.

Kitu cha kwanza, maji yasiingie. Wapiganaji walipokwenda ziwani na mabidoni kulijaza tangi, Mama Nadège alipanda juu ya kinu jikoni mwake, akafungua kiungo cha tiyo, akasukuma ndani gunzi la mahindi kwa mwiko, akafunga. Aliporudi kwenye sombe alikuwa na kutu mpaka puani.

Tangi likajaa. Robine nyekundu ikafunguliwa. Haikutoka hata jasho.

"Tiyo ni kama muntu," Isidore aliwafundisha wapiganaji waliomzunguka. "Hauwezi kumupa dawa bila kujua kwenye anaumwa. Unaanza juu, unashuka."

Akaanza juu. Akakuta ufunguo wa tangi, ule wa kufungulia maji, umeshikwa na kutu; akaupaka mafuta ya mawese, akaugonga, ukafunguka. Robine: kimya. Akashuka. Akasema basi ni hewa, hewa imekaa katikati ya tiyo kama mtu mnene mlangoni, haingii haondoki. Akafungua tiyo upande wa nyumba ya kuoga, akaweka mdomo, akapuliza. Uso wake ulijaa, mishipa ya shingo ikasimama. Upande wa pili gunzi lilikaa imara kama mzee wa kanisa kwenye benchi lake.

"Imetoka?" aliuliza, anahema.

"Bado, Baba Nadège," alijibu mke wake kutoka jikoni. "Puliza tena."

Akapuliza tena. Mpiganaji mmoja alimpa jiwe akae.

Wakati anapumzika, wengine wakachoka kungoja. Wakasema labda pipa likipata moto kwanza, maji yatakuja yenyewe, kama mbwa anayesikia harufu ya chakula. Wakasukuma kuni tanurini, wakawasha. Mama Nadège aliona moshi. Akatoka mbio na chungu cha maji aliyokuwa amelowekea muhogo, akayamwaga yote kwenye moto, yakapiga kelele, majivu yakawapaka wapiganaji wote rangi moja.

"Munapika pipa kavu? Mama zenu banapika chungu kavu? Itapasuka, na chuma itawaingia huku!" Akawaonyesha huku.

"Amesema kweli," Isidore alikubali, anajipangusa. "Pipa kavu inapasuka." Na alimtazama mkewe kwa heshima mpya, kwamba kumbe miaka yote alikuwa anasikiliza.

Kisha akaokota fimbo, akaanza kuligonga pipa kutoka juu kwenda chini, sikio lake limelala kwenye chuma. Juu pipa lilisema *ngwee*. Katikati likasema *ngwee*. Chini likasema *pu*, sauti nzito, fupi, kama ya mtu anayejibu huku amefunikwa blanketi.

Isidore akainuka. Uso wake uling'aa.

"Nimejua! Chini kuna kitu. Ile chumvi ya maji ya ziwa, inaganda inakuwa jiwe. Imeziba tiyo ya kuingilia. Kesho nafungua kifuniko, naikwangua."

Mama Nadège alirudi jikoni, akakaa juu ya kinu. Katika wanaume wote wa wilaya ya Fizi, Mungu alikuwa amempa yule mmoja anayejua kazi yake.

Usiku huohuo Nadège, binti yao, akajifungua. Mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Baba yake, Patrice, alikuwa Lulimba kwenye machimbo, kama hajavuka kwenda Tanzania, kama yuko hai. Lakini mama yake Patrice alikuwapo, na palipokuwa na Anastasie watu hawakusikia upungufu wa mtu mwingine. Alikuwa ameshuka kutoka Fizi ya mlimani na kikapu kimoja na malalamiko mengi.

"Mukwe wangu," alisema asubuhi, ameingiza kidole kwenye sufuria, "hii ndiyo maji ya kukanda muzazi? Hii ni ya kunawisha mugeni mukono."

"Kuni imeisha, mukwe. Bote bamechukua kwa sababu ya pipa."

"Kwetu muzazi anakandwa na maji inachemka, asubuhi na jioni. Inachemka! Tumbo irudi. Damu ya zamani itoke. Mutoto wangu alilipa mahari ili bibi yake akandwe na maji ya baridi kama samaki ya mikebuka?"

"Mutoto wako hajamaliza hata ile mahari."

"Ni vita," akasema Anastasie, na hapo Mama Nadège akarudi kupepea moto, kwa sababu jibu hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Nje Isidore alikuwa anatafuta ufunguo wa buloni. Alikuwa ameuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa mashaka. Ulikuwa kiunoni mwa mke wake, chini ya kitenge.

"Na tena," Anastasie aliendelea, maana hakuwa na desturi ya kumaliza, "hii boyerie yenu iko wazi sana. Wale baaskari banapita-pita. Kwetu hakuna mwanaume anakanyaga kwenye muzazi anakandiwa mpaka kitovu ya mutoto ianguke. Hata baba ya mutoto. Na bale bako na dawa ndani ya mwili! Damu ya uzazi ikibagusa, dawa yote inakufa. Mi naona bana hatari kwetu, lakini siye ndio hatari kwao."

Mama Nadège aliacha kupepea moto.

Ni kweli. Tangu waje, wapiganaji wale walikuwa wanazunguka kamba ya nguo mbali ikiwa ina kitenge cha mwanamke. Sahani waliwekewa chini, waokote wenyewe, wasiguse mkono wa mpishi. Mwenye kuwatengenezea dawa hiyo ya kuzuia risasi, kijana mwembamba jina lake Roger, waliyemwita Dokta, aliwahi kukataa uji mchana kutwa kwa sababu Nadège alipita karibu nao na mimba yake.

"Mukwe," akasema Mama Nadège polepole, "rudia tena ile ya mwisho."

"Ile gani? Nimesema mingi."

"Basi usirudie. Leta mikeka."

Komanda alikuwa amekwenda bandarini. Mama Nadège akatoka uwanjani na mikeka kichwani, Anastasie nyuma yake na beseni kubwa la bati, akasimama mbele ya pipa, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Baba zangu, mutoto wangu amezaa. Kuni yote iko hapa, moto yote iko hapa. Basi muzazi atakandiwa hapa hapa, kwa pipa, sasa hivi. Mwenye anataka kubaki atusaidie kushika nguo za damu, abaki."

Hajawahi kuonekana Baraka jeshi lililohama upesi namna ile, hata siku zile za mizinga. Bunduki, sufuria, bugali iliyokuwa bado inasongwa, vyote viliinuka pamoja. Roger alikuwa wa kwanza kuruka ua, na hirizi zake zikimpiga mgongoni.

Wakatundika mikeka pande zote. Wakamkalisha Nadège kwenye jiwe, na maji safari hii yakachemka kweli, mpaka Anastasie mwenyewe akaguna bila kusema neno. Alimkanda mkaza mwanawe kwa majani na kitambaa, na Nadège alipiga kelele za kutosha kufunika sauti yoyote ile. Nyuma yake Mama Nadège alikuwa amepanda juu ya matofali, ametoa ufunguo kiunoni, anafungua buloni.

"We mukwe," Anastasie alinong'ona, "muzazi iko chini. Unakanda pipa?"

"Kuja ushike huku."

Anastasie akapanda, akachungulia. Akaona mfuko wa mbolea. Akaupapasa, akakuta gurudumu, akakuta shingo. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke mlimani alikosa lalamiko.

"Yooo," alisema. "Na mume wako?"

"Mume wangu anaombea bezi."

Wakakivuta pamoja. Wakakilaza ndani ya beseni, wakakifunika kwa nguo za uzazi, zile zenyewe, zisizohitaji maelezo. Mama Nadège alirudisha kifuniko, akafunga buloni mbili zikamtosha. Wakainua beseni, huyu huku na yule kule, Nadège akiwafuata ameinama, wakatoka kwenye mikeka. Uwanja mzima wapiganaji waligeuza nyuso ukutani.

"Mukwe," Anastasie alisema kwa meno, "hii mapacha yako ya pili ni muzito kupita ya kwanza."

"Nyamaza utembee."

Walikuwa katikati ya uwanja, migongo inapasuka, wakati Isidore alipotokea upande wa tangi. Aliona wanawake wawili wazima wanayumba chini ya mzigo. Moyo wake wa shemasi haukuvumilia.

"Ah, bamama! Munajiumiza. Leteni nibebe!"

Na akaja, mikono mbele. Akashika ukingo wa beseni.

"Baba Nadège!" Mke wake alilia kama aliyeumwa na nge. "Kitovu ya mutoto bado! Unataka kuua mujukuu wako?"

"Muzee hana haya!" Anastasie alimsaidia, kwa moyo wote. "Shemasi muzima anashika nguo za uzazi!"

Wapiganaji walicheka ukutani kwao. Isidore aliachia beseni kama limemchoma, akarudi nyuma, masikio yamemshuka. Mama Nadège alimwonea huruma mpaka mlangoni mwa boyerie. Pale ndani cherehani kikawekwa pembeni, kikarundikiwa nguo za mtoto, kikawa kiti. Yeye akakikalia, akapumua kwa mara ya kwanza tangu buibui atoke kwenye robine.

Ufunguo wa buloni Isidore aliukuta asubuhi yake juu ya kinu, mahali alipotafuta mara nyingi. Hakuuliza. Alifungua pipa, akaingiza kichwa na mikono na taa ya mafuta, akakaa humo muda mrefu, akatoka. Hakusema amekuta jiwe gani. Akafuata tiyo la kuingilia, akafika jikoni, akapanda juu ya kinu, akafungua kiungo. Akashuka. Hakusema kitu tena. Kwa mtu kama Isidore hiyo ilikuwa dalili ya homa, lakini Mama Nadège alikuwa na mtoto wa kuosha, mkwe wa kulisha na moto wa kupepea, hakuona.

Jumamosi robine nyekundu ilikohoa, ikatema kutu, ikatema maji mekundu, kisha ikatoa maji meupe yenye moshi. Yaliingia kwenye beseni kwa kishindo. Kioo cha dirisha kikatoka jasho. Nyumba nzima ikajaa harufu ya moto, chuma na kuni.

Komanda Darius alikuwa amekwisha vua shati. Alisimama na hirizi zake shingoni na mikononi, mdomo wazi kidogo, kama mtoto mbele ya keki ya harusi ya watu wengine. Akanyosha mkono.

"Chef! Simama!"

Alikuwa Roger, mlangoni. Alikuwa anajua tangu siku ya mikeka, lakini nani anamwambia mkubwa jambo kabla ya lazima?

"Hii maji inatoka kwa ile pipa, chef. Na pale kwa pipa muzazi alikandwa. Damu ya uzazi imekanyaga pale. Ukijimwangia hii maji, dawa yote inavunjika. Risasi itakupata hata ukiwa chooni."

"Mi nimengoja hii maji tangu utoto."

"Najua, chef."

"Hata mukono moja tu?"

"Hata kidole. Na hii nyumba, tiyo imezunguka kote. Tuhame leo."

Komanda alikaa kwenye ukingo wa beseni. Maji yaliendelea kutoka, mazuri, ya moto, ya bure. Akamtazama Mama Nadège.

"Mama. We weka mukono."

Mama Nadège akaweka.

"Iko moto?"

"Iko moto, Komanda."

"Moto kama nini?"

Alikuwa na jibu la haraka, la kumkera. Lakini alipomtazama vizuri aliona kichwa kilichobonyea katikati kwa kubeba mafungu ya kuni, na jibu lile likarudi tumboni.

"Kama uji ya asubuhi ikiisha fika tumboni," akasema. "Ni ile tu. Lakini hii inakuwa inje, kwa ngozi yote."

Komanda akatikisa kichwa polepole. "Kama uji," akasema. "Sawa." Na akainuka, na alipoinuka suruali yake, iliyokuwa imelala msituni miaka, ikapasuka nyuma kutoka mshipi mpaka gotini.

Hakuna aliyecheka. Watu walijifunza siku ile kwamba inawezekana.

"Nani anashona hapa Baraka?" aliuliza Komanda, anajishika nyuma. "Bandarini banasema hii nyumba ilikuwa na cherehani." Akamtazama Mama Nadège, akaona haitafaa, akamgeukia mumewe. "We muzee hujui kusema uongo. Hata kuni yangu mbichi hukuweza kuificha. Niambie. Cherehani iko wapi?"

Mama Nadège aliwaona tena mbuzi watatu nyuma ya migomba, na mmoja ana mimba.

Isidore alivua kofia. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, umefumba kitu.

"Komanda," akasema, "tangu bale baaskari ba kwanza bapite hapa, haya macho yangu haijaona cherehani. Hata siku moja. Mungu ananisikia."

Komanda alimtazama usoni muda mrefu. Uso wa Isidore ulikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

"Basi," akasema Komanda.

"Lakini bibi yangu," Isidore akaendelea, sauti yake imejaa ukarimu, "anashona muzuri sana na mukono. Atakushonea. Atawashonea bote. Leteni zote zenye zimepasuka, musione haya. Zote!"

Jua lilikuwa linaelekea milima ya Fizi. Wapiganaji walikuwa wamehamia ng'ambo ya barabara, na Roger alikuwa amesema nguo zikishonwa atazifukiza kwanza. Mlangoni mwa boyerie Mama Nadège alikuwa amekaa juu ya cherehani chake, na mbele yake rundo la suruali za jeshi zima, ngumu kwa jasho na matope. Sindano ilikuwa imemtoboa kidole gumba na cha kando yake. Chini ya makalio yake kilikuwapo chombo ambacho kingemaliza rundo lile kabla sombe haijaiva.

Isidore akaja, akachuchumaa. Akaweka juu ya goti lake gunzi la mahindi lililolowa. Halafu, kando ya gunzi, akaweka bobini, kile kijigurudumu cha uzi wa chini, kilichokuwa kimeanguka ndani ya pipa siku ya mikeka.

Mama Nadège aliendelea kushona.

"Nilipuliza ile tiyo mpaka nikaona nyota," akasema Isidore.

"Nilikuona."

"Na ukasema puliza tena."

"Nilisema."

"Na kila jioni naombea bezi ya cherehani. Mwaka muzima. Nalia mbele ya Mungu."

"Endelea tu. Balichukua meza."

Isidore alifikiri juu ya meza. Alionekana kuona kwamba ni haki. Kisha akachagua suruali moja katika rundo, akaikagua kwenye mwanga, akaingiza kidole, kidole kikatokea upande wa pili.

"Hii uliisahau tundu," akasema, akamwekea juu ya zingine.

Mama Nadège alikata uzi kwa meno ili asiseme neno ambalo mke wa shemasi hasemi. Kutoka nyumba kubwa, kupitia dirisha la nyumba ya kuoga, moshi mweupe wa maji ulikuwa unatoka taratibu. Walikuwa wamemlaza Nadège ndani ya beseni la wazungu, mpaka shingoni, na mtoto analia mikononi mwa bibi yake. Robine nyekundu ilifungwa. Mtu alikuwa anaingiza kidole majini. Kisha sauti ya Anastasie ikavuka uwanja.

"Mukwe! Hii maji haiko moto ya kutosha! Teleka sufuria!"